Yah: Malalamiko ya kuuziwa ruta ya Mbps 3,000 kwa kifurushi cha Mbps 20

Bwiru, Ilemela,
Mwanza.

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya nyumbani, kifurushi cha Mbps 20, yaani kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, na bili nalipa kwa wakati. Huduma inayoingia ndani kupitia waya wenu sina neno nayo. Ninacholalamikia ni vifaa mlivyoniuzia na maneno mliyotumia kuniuzia.

Shida niliyoileta ofisini kwenu ilikuwa moja: sebuleni intaneti inakimbia, vyumba vya nyuma haifiki. Nyumba za Bwiru mnazijua, tumejenga juu ya mawe. Yangu imepanda na mteremko, na kati ya sebule na vyumba vya nyuma kuna ukuta mnene wa mawe, kisha kuta mbili za tofali za saruji. Chumba cha mwisho ndimo mke wangu anamofanyia hesabu za wateja wake wa biashara ya samaki, na vikao vyao ni vya video. Yote hayo nilimweleza mhudumu wenu. Hakuuliza swali hata moja kuhusu nyumba. Alisema ruta yangu, kile kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, imepitwa na wakati, akaniuzia mpya kwa shilingi 320,000 na ripita, kifaa cha kupokea waifai na kuirusha mbele, kwa 95,000.

Fundi alipokuja aliiweka ruta nyuma ya televisheni, imeegemea ukuta uleule wa mawe. Akashika simu hatua moja kutoka hapo, akapima, ikasoma Mbps 19. "Mzee, umeona inavyoteleza?" Nikamwomba twende tukapime chumba cha nyuma, akasema kuna wateja wanamsubiri Kitangiri. Nilipopima mwenyewe kule nyuma nilipata 3, tena ripita ikiwa imewashwa.

Hiyo 19 hata ruta ya zamani ilikuwa inaitoa, kwa sababu ruta haizalishi intaneti, inagawa tu kilichoingia. Fundi alidai matundu ya waya ya ruta ya zamani ni ya polepole. Ni ya Mbps 100, mara tano ya kile mnachoniletea! Na ile 3,000 iliyoandikwa kwenye boksi ni jumla ya bendi mbili za mawimbi ya waifai, 574 ya gigahezi 2.4 na 2,402 ya gigahezi 5, ikakuzwa kidogo ifike 3,000, na huo ni mwendo kati ya simu na ruta peke yake. Simu yangu inashika bendi moja kwa wakati. Bendi ya gigahezi 5, inayobeba hiyo namba kubwa, ndiyo inayoshindwa mapema zaidi na ukuta. Ripita nayo fundi wenu aliichomeka chumba cha mwisho, mahali ambapo mawimbi yameshakwisha nguvu. Inapokea na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo hata hicho kidogo inachokipata inakipunguza karibu nusu.

Dawa ilikuwa waya. Kijana wa jirani yangu anayesoma VETA alitandaza waya wa majaribio kutoka sebuleni kupitia korido mpaka chumba cha mwisho, akachomeka ruta yangu ya zamani, akazima kazi yake ya kuvipa vifaa anwani za mtandao ili ibaki kurusha waifai tu. Tukapima: 19. Mke wangu akafanya kikao kizima bila picha kuganda, na kikao cha aina hiyo hakili hata Mbps 4. Umbali wenyewe ni mita 22, wakati waya wa kawaida wa mtandao, aina ya Cat5e, unafika mita 100.

Nilipozirudisha bidhaa zenu niliambiwa boksi likishafunguliwa halipokelewi. Ningezijaribuje bila kufungua? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Na inaniuma zaidi nikiwafikiria wastaafu wa Kirumba na Pasiansi wanaokuja kwenu na shida kama yangu, wakaondoka na boksi kubwa badala ya waya. Mhudumu aulize kwanza kifurushi na kuta za nyumba, ndipo ataje bei.

Naomba mchukue ruta na ripita, mnirudishie shilingi 415,000. Kisha mnitumie fundi anilazie waya wa shaba tupu, si ule wa alumini uliopakwa shaba, upite ndani ya nyumba kwenye bomba la plastiki. Juu ya bati usipite, radi za ziwa hili tunazijua. Gharama ya waya na ya kazi nitalipa mwenyewe.

Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitayapeleka malalamiko haya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Tume ya Ushindani. Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za vipimo vya kila chumba.

Wenu,
Mteja wa kifurushi cha nyumbani, Bwiru.