Waliokuwa ndani ya mifuko ile walikufa Goma

Ndugu Mhariri,

Tarehe 21 Mei 2025, Rais Donald Trump alimpokea Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini katika Ikulu ya Marekani. Mbele ya kamera alitoa karatasi moja baada ya nyingine, na mojawapo ilikuwa na picha ya watu wakiinua mifuko ya maiti. "Hawa wote ni wakulima wazungu wanaozikwa," alisema.

Picha ile haikupigwa Afrika Kusini. Shirika la habari la Reuters lilieleza kuwa imekatwa kutoka kwenye video yake lenyewe, iliyopigwa Goma, mashariki mwa Kongo, Februari mwaka huohuo, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji.

Habari nilizosoma siku zilizofuata zilimhusu Trump: kosa lake, majibu ya wasaidizi wake, utulivu wa Ramaphosa. Mimi naandika kwa ajili ya waliokuwa ndani ya mifuko. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mapigano ya Goma yaliua karibu watu 3,000 kwa siku chache tu. Watu hao hawakuwekwa mezani kwa marais wawili kwa sababu walikufa; waliwekwa kwa sababu mtu alidai ni watu wengine. Na kosa lilipobainika, nafasi yao katika habari nyingi ilikuwa sentensi moja ya kusahihisha, kisha mazungumzo yakarudi Washington. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Wala si Marekani peke yake. Septemba 2017, balozi wa Pakistan katika Umoja wa Mataifa aliinua picha ya msichana mwenye uso uliojaa majeraha akisema hiyo ndiyo sura ya India huko Kashmir, eneo ambalo nchi hizo mbili hugombania. Msichana yule alikuwa Mpalestina, na picha ilipigwa Gaza mwaka 2014.

Kuna kisa cha zamani ambacho kila chumba cha habari kingepaswa kukikumbuka. Aprili 1961, Adlai Stevenson, balozi wa Marekani, aliuonyesha Umoja wa Mataifa picha ya ndege akidai ni ya marubani wa Cuba waliomwasi kiongozi wao, Fidel Castro. Ndege hiyo ilikuwa ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, imepakwa alama za jeshi la Cuba, na Stevenson mwenyewe alikuwa amedanganywa. Oktoba 1962 mtu huyohuyo alisimama Umoja wa Mataifa na picha za makombora ya Kisovieti nchini Cuba, na safari hii zilikuwa za kweli. Kwa macho tu, nani angezitofautisha? Kazi ya kuuliza imetoka wapi, lini, nani kaipiga, ni ya waandishi.

Kazi hiyo haikufanywa vya kutosha Februari 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipoonyesha picha za setilaiti kuhusu silaha za Iraq, silaha ambazo hazikupatikana. Mei 2004 wahariri wa gazeti la New York Times walikiri kwamba habari zao kadhaa za kabla ya vita vya Iraq hazikuchunguzwa ipasavyo. Ungamo hilo lilichapwa ukurasa wa ndani, wakati baadhi ya habari zenyewe zilikuwa zimetoka ukurasa wa kwanza.

Serikali hizohizo hujua pia kuficha. Kuanzia 1991 hadi 2009 Marekani ilizuia vyombo vya habari kupiga picha majeneza ya wanajeshi wake yakiwasili kambi ya jeshi ya Dover nchini humo. Wafu wao walisitiriwa. Wafu wa Goma waliinuliwa kama bango.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kiongozi akiinua picha ya vita, usituchapie picha ya kiongozi aliyeishika. Tafuta ya asili, uichape pamoja na mahali, tarehe na jina la aliyeipiga, na sahihisho likihitajika liwekwe ukurasa uleule ulipokaa uongo. Na mkiichapa tena ile ya mifuko, tafadhali chini yake muandike: Goma, Februari 2025.

Msomaji wako