Siku ile sikukwambia yote

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimefika Unguja salama. Bibi yako anakusalimu sana. Lokumu ulizompa, vile vitamu vya Kituruki, ziliisha siku ya pili, na bado anashikilia kuwa haziifikii halua.

Sasa nina deni nawe. Ile siku ya mtihani wako ulinipeleka hamamu, ile nyumba ya kuogea ya mtaani kwenu huko Istanbul, na uliporudi kunichukua ukaniuliza, "Vipi mama?" Nikakujibu, "Nimeoga." Ukacheka, tukenda kunywa chai, yakaisha. Ana kwa ana nisingeweza kukueleza, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza, nilijidai najua hamamu. Mie si nimekulia hatua chache tu kutoka Hamamni? Tangu nikienda chuoni na juzuu yangu mkononi nalipita jengo lile la Sultan Barghash. Lakini nimelijua likiwa kavu, la kutazamwa na wageni. Hata jana yake, uliponionyesha ile ya Çemberlitaş ukanambia ilijengwa na msanifu Sinan mwaka 1584 kwa amri ya Nurbanu, mama yake Sultan Murad III, na kwamba mapato yake yalikuwa wakfu wa msikiti wake kule Üsküdar, nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao.

Basi wee ukaniacha mlangoni. Nikapewa pestemali, ambayo ni kikoi tu kwa jina jingine, cha mirabamiraba. Mitalawanda yao nayo ipo, wanaiita nalın, lakini siku hizi imetundikwa ukutani kama pambo. Mguuni nilivaa ndara za plastiki. Nikajifunga pestemali kwapani, nikakaza fundo mara tatu.

Ndani nilitafuta birika la kuingia, sikuliona. Kuna mabeseni ya marumaru ukutani, hayana tundu la kutolea maji, yanajaa mpaka yanafurika, na mtu anachota kwa tasa akajimwagia. Tasa wanaiita tas! Nilifurahi kama niliyekutana na jirani. Katikati kuna jukwaa kubwa la marumaru, jiwe la kitovu kwa lugha yao, nalo ni la moto, maana hewa ya tanuri inapita chini ya sakafu. Juu ni kuba lenye matundu ya vioo, mwanga unashuka vipande vipande ndani ya mvuke. Wanawake wamelala pale wanapiga soga kama tuko barazani.

Akaja natır, mwoshaji, mwanamke wa makamo yangu, mikono kama ya mpiga makasia. Akaniita teyze, yaani mama mdogo. Akaniashiria nilale. Akavaa kese, kile kifuko cha kitambaa kigumu, akaanza kunisugua. Mwanangu, nongo zilizotoka! Mie ninayejisugua kwa dodoki kila siku ya Mungu, zilitoka nyeusi, nene kama tambi, na yeye akanionyesha kwa fahari kabisa. Nilitamani jiwe lipasuke linimeze. Kisha akachovya kitu kama foronya kwenye maji ya sabuni, akakijaza hewa, akakikamua, na povu likanifunika mzima hata sikujiona.

Lakini lililonikaa ni jingine. Kila akinyanyua mkono wangu, nami nilikuwa naunyanyua. Akigeuza mguu, nami naukaza. Akanipiga kofi dogo begani, akautikisa mkono wangu, kwamba uache, ulegee. Sikuweza. Mtu niliyewaosha nyinyi wote watoto wanne, na sasa namwosha bibi yako mwaka wa pili huu, sikujua kulala nikaoshwa. Mara ya mwisho mtu kunisugua ilikuwa singo ya harusi yangu, na hata siku hiyo somo yangu, yule kungwi, alinigombeza kwa kujikaza.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yako. Unajua ninavyomlalamikia kwenye simu, kwamba asubuhi ananikazia mkono, anauvuta, ananichosha makusudi. Miaka miwili namwita mkaidi. Kumbe ni haya. Mwili unaona haya wenyewe, mtu hata hajaamua. Nilifumba macho, na natır alipofika kichwani akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu ili sabuni isinipate machoni, nikalegea. Kwa hiyo ukiniona macho mekundu, haikuwa mvuke peke yake. Nilipotoka akanambia, "Sıhhatler olsun," yaani iwe afya kwako. Ulinifasiria jioni bila kujua nimeitoa wapi.

Kese nimekuja nayo. Asubuhi hii nimemkalisha bibi yako kwenye kigoda, nikampa tasa aishike mwenyewe, nikawa namwambia kabla sijammwagia, "Sasa bega, sasa mgongo." Kiganja nikakiweka vile vile kwenye paji la uso. Hakuuvuta mkono. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza nani kanifunza kuosha watu uzeeni.

Nikamwambia, mwanamke wa Kituruki, Istanbul.

"Akakutoza ngapi?"

Nilipomtajia akaitua tasa chini, akasema kwa pesa hizo angetuosha ukoo mzima, na juu yake akatupa halua.

Mama yako