Wasanii wa Asia wapewe muda Australia

Mhariri, naomba nafasi. Tangu 1993 jumba la sanaa la Queensland pale Brisbane linaandaa maonyesho makubwa ya Asia na Pasifiki, kazi nzuri sana kwa kweli, ila maonyesho tu hayatoshi jamani, msanii wa Jakarta akija wiki moja akatundika picha zake akapanda ndege atakua amejuana na nani? Wapeni miezi, wakae na wenzao wale pamoja wachore pamoja, na wa Australia nao waende huko! Mbona wavuvi wa Makassar, Indonesia, walikua wanakuja Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, kuvua majongoo bahari mpaka 1907, wanakaa msimu mzima na Wayolngu, wenyeji asilia wa kule, na mashua za wavuvi hao zimechorwa kwenye miamba kule. Viza za wasanii zirahisishwe, serikali inaweza.

Msomaji wenu, Brisbane