Nani atakaa nyuma ya darasa la mtandaoni?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme jambo ambalo wakufunzi wengi tunaishia kulinong'ona kwenye korido za vyuo: tunapewa madarasa ya mtandaoni bila kuandaliwa kuyafundisha. Mimi nafundisha uhasibu hapa Iringa. Huu ni mwaka wa tatu nina darasa la jioni la wafanyakazi kwa njia ya mtandao. Wamo makarani, wamo wenye maduka, na yumo mama mmoja anayefanya kazi zahanati kule mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Kabla ya kuanza nilipelekwa semina. Ilikuwa ya siku moja, ukumbini, watu kama arobaini. Tulionyeshwa namna ya kutengeneza kiungo cha darasa, kupandisha faili, kurekodi, na kuzima vipaza sauti vya wanachuo wasituletee kelele. Saa tisa tukapewa vyeti, tukasaini posho, tukaondoka. Siku nzima ile hakuna aliyegusia swali moja: mwanachuo usiyemwona uso, utajuaje kama ameelewa?

Basi nikafanya nilichokijua. Somo la kwanza lilikuwa urari, yaani orodha ya kuhakiki kama jumla ya debiti inalingana na jumla ya krediti. Nilikuwa na slaidi 46 na saa mbili, nikazisoma toka mwanzo hadi mwisho. Kila nilipouliza "tuko pamoja?" kimya, nami kimya kile nikakihesabu kuwa ni ndiyo. Zoezi lilipokuja, kati ya watu 31 waliolileta ni tisa, na waliopata ni wanne. Siku tatu baadaye mmoja akaniandikia: "Madam, samahani, kwenye simu yangu zile tarakimu zinaonekana kama nukta. Halafu bando liliisha mapema." Aliomba msamaha kana kwamba kosa ni lake. Ujumbe ule uliniuma sana.

Aliyenisaidia si semina, ni mama yangu mzazi. Alikuwa amekuja kwangu kwa ajili ya kliniki ya miguu. Jioni moja alikaa sebuleni anachambua mchele, mimi nafundisha mezani. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, hao wanafunzi wapo kweli? Mbona sijasikia hata mmoja?"

Mama ni mwalimu mstaafu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wasomaji wenye umri wanakumbuka: baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi ilitaka kila mtoto aingie shule, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakajifunza ualimu huku wanafundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowazungukia shuleni. Walimu wale wamebezwa sana, na mapungufu yalikuwepo, sikatai. Lakini mama anasimulia kwamba mkufunzi wake alifika na baiskeli, akaketi dawati la nyuma na daftari lake, na somo likiisha wakatoka nje chini ya mti. "Yule mtoto wa dirishani," alimwambia siku ya kwanza, "hujamgusa tangu uingie."

Mama naye akanifanyia vivyo hivyo kwa wiki sita. Kompyuta hakuigusa. Alikaa nyuma yangu na daftari, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake wa kulala, ameandika: "Dakika 38 hakuna swali. Umesema 'kama mnavyoona' mara 11. Wanaona nini?"

Niliazima simu ndogo ya mdogo wangu nikalifungua somo langu mwenyewe humo. Kweli, zilikuwa nukta. Toka hapo slaidi nikaziacha. Siku chache kabla ya somo natuma maelezo ya sauti ya dakika tano au sita na ukurasa mmoja wenye tarakimu kubwa. Jioni ya somo tunakutana dakika arobaini tu, za kukokotoa pamoja, na ninawaita kwa majina. Kazi wanaandika daftarini kwa kalamu, wanapiga picha na kunitumia.

Ndipo nilipoiona leja, yaani kurasa za akaunti, ya yule mama wa zahanati, kidole gumba chake kikitokeza pembeni ya picha. Swali lilihusu duka lililonunua sukari kwa taslimu, shilingi 85,000. Akaunti ya taslimu alikuwa ameiandika upande wa debiti, ilhali taslimu inayotoka huandikwa upande wa krediti. Sikumwekea mkasi, nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa sauti, kuku wakilia nyuma: "Madam, nimeweka debiti kwa sababu hela imetumika." Niliwauliza wengine watatu waliokosea hapo hapo, wakasema hivyo hivyo. Kumbe kwa zile saa mbili za slaidi kosa hili lilikuwa limekaa vichwani mwao na mimi nalipita juu kwa juu! Somo lililofuata nililianzia kwenye jibu lake.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti zilipokatika, darasa la Jumatatu halikufunguka. Lakini sauti na karatasi walikuwa nazo tangu Ijumaa, na majibu yakaanza kuingia kwa meseji za kawaida, mstari kwa mstari: "Taslimu, krediti 85,000."

Wengi wetu vyuoni tuliajiriwa kwa alama zetu za darasani. Ualimu hatukusomea. Kwenye darasa la kawaida tunaokolewa na nyuso, ukiona mtu amekunja uso unarudia. Mtandaoni uso haupo, kwa hiyo kila tusichokijua kuhusu kufundisha kinabaki wazi. Hapo ndipo tunapohitaji msaada, kwa muhula mzima. Na kabla mtu hajapewa darasa la mtandaoni, asomeshwe kwanza yeye kwa mtandao, kwa simu na bando lake mwenyewe, alete mazoezi, asubiri majibu. Chuo Kikuu Huria kinafundisha walio mbali tangu mwaka 1994, hivyo watu wenye uzoefu wa kuwaongoza wenzao tunao. Na saa zihesabiwe kwa haki, maana kuziandaa zile dakika arobaini hunichukua karibu siku nzima, ilhali kwenye ratiba zinaandikwa kipindi kimoja.

Muhula ujao wenzangu wanane wamepangiwa madarasa ya mtandaoni kwa mara ya kwanza. Barua ya semina imeshabandikwa ubaoni: siku moja, ukumbini, saa tatu hadi saa tisa. Nawaomba wakuu wa vyuo, pamoja na mkuu wangu ambaye najua hulisoma gazeti hili, waongeze kwenye barua hiyo majina ya watakaoketi nyuma ya madarasa hayo wiki sita za mwanzo. La kwangu waliandike la kwanza.

Mkufunzi wa uhasibu,
Iringa