Unafunga kruzi kwenye pikipiki mwenyewe nyumbani? Anza na breki, spidi baadaye

Karibu kila wiki kuna mteja anatuuliza kitu kile kile, nimenunua kruzi kontroli (kifaa kinachoshika spidi ya pikipiki bila we kushikilia resi) nataka kuifunga mwenyewe nyumbani, je ni ngumu? Jibu letu ni hapana, si ngumu kihivyo, kama unaweza kutoa tangi na kulirudisha, unajua kutumia mita ya kupimia volti na una siku nzima ambayo huna haraka ya kutoka jioni, utaifunga vizuri tu. Shida tunayoiona ni kwamba wengi wanaofunga wenyewe wanatumia akili yote kuhakikisha kruzi inashika spidi, wakati kushika spidi ndo sehemu rahisi, kazi yenyewe ni kuachia ukishika breki au klachi. Kruzi isiyoshika itakuudhi. Kruzi isiyoachia itakuua.

Kwanza tuelewane unafunga nini, maana jina hili watu wanalibandika kwenye vitu viwili tofauti kabisa. Kuna kile kibanio kinachofungwa kwenye mkono wa resi, wengine wanakiita kufuli ya resi. Hicho hakijui spidi yako wala hakisomi chochote, kinazuia tu mkono usirudi, kwa hiyo ukipanda mlima pikipiki inachoka na ukishuka inakimbia na we ndo unasahihisha. Kukifunga ni dakika chache. Hatukidharau, kwa mtu mwenye kiwiko au kifundo cha mkono kinachouma safari ndefu kinasaidia sana, ila kikaze kiasi kwamba bado unaweza kurudisha resi kwa nguvu ya kawaida ya mkono, ukikibana mpaka unalazimika kupambana nacho basi kilegeze kabla hujatoka getini.

Kruzi yenyewe ni kitu kingine. Ina kompyuta ndogo inayosoma spidi kutoka kwenye tairi, inalinganisha na ile uliyoseti, alafu inavuta resi au inalegeza. Wazo ni la zamani, Ralph Teetor, injinia wa Marekani ambaye alikuwa kipofu tangu akiwa mtoto, alipata hataza yake (haki ya uvumbuzi) 1950, na kampuni ya Chrysler wakaanza kuiweka kwenye magari ya 1958. Inasimuliwa alichoshwa na kusukwasukwa kwenye kiti kila dereva wake alipokanyaga na kuachia mafuta. Aliyepanda nyuma ya pikipiki inayoendeshwa na mtu mwenye mkono uliochoka anamwelewa kabisa.

Kama pikipiki yako ni ya kebo, yani ukizungusha mkono kuna kebo inayoenda kuvuta kabureta au ile milango ya hewa ya injeksheni, kruzi itakuja na mota, au kidude kinachotumia nguvu ya injini kufyonza hewa, na kebo yake inaungana na kebo ya resi ndani ya kiboksi kidogo. Kama pikipiki yako haina kebo, mkono wa resi una sensa tu inayotuma umeme, kazi ni nyepesi sana, unachomeka soketi katikati ya sensa na kompyuta ya injini na huna kitu cha kuvuta. Kuna modeli ambazo kiwanda kilishaweka programu ndani tayari, kinachokosekana ni swichi na kuiwasha, kwa hiyo uliza kabla hujanunua chochote. Kuanzia hapa naongelea zaidi pikipiki ya kebo kwa sababu ndo inayoleta maswali.

Waya wa breki. Hapa usiharakishe. Kruzi inajua umeshika breki kwa kusoma ule waya unaotoka kwenye swichi ya breki kwenda kwenye balbu ya nyuma. Chukua mita, weka mguu mmoja wa mita kwenye bodi, yani chuma cha fremu, na mwingine kwenye huo waya, switi ikiwa on. Breki ikiwa imeachiwa isome sifuri, ukishika isome karibu volti 12. Jaribu ya mkono peke yake, alafu ya mguu peke yake, maana ni swichi mbili na mara nyingi moja imekufa siku nyingi bila mwenyewe kujua, taa inawaka kwa ya mkono anadhani zote nzima.

Kuna mteja aliturudishia kruzi akasema ni mbovu, haikubali kuseti kabisa, amefuata karatasi ya maelekezo mstari kwa mstari. Tukakagua kila kiungio, kazi yake ilikuwa safi kuliko za mafundi wengi. Mwisho tukafungua taa ya nyuma tukakuta balbu ya LED. Tukarudisha balbu ya zamani yenye uzi ndani, kruzi ikaseti mara ya kwanza. Ni hivi, kruzi nyingi zinatuma umeme kidogo sana kwenye ule waya wa breki, na breki ikiwa imeachiwa ule umeme unapita kwenye uzi wa balbu unafika bodi, kompyuta inaona njia ipo na waya haujakatika. LED haipitishi umeme mdogo namna hiyo, kompyuta inadhani umeshika breki au waya umekatika, inakataa kufanya kazi, na inafanya sawa kukataa. Dawa ni kuweka rilei au rezista inayofaa, au kurudisha balbu ya uzi. Kitu ambacho tunakuomba usifanye hata kama umekiona kwa mtu ni kuchukua ule waya wa kruzi na kuubana moja kwa moja kwenye bodi. Kruzi itafurahi, itaseti, itashika spidi vizuri ajabu, na siku ukishika breki haitakuwa na habari, itaendelea kuvuta resi.

Klachi nayo hivyo hivyo. Ukikamata klachi kruzi ikiwa inavuta, injini inapiga kelele juu kwa sababu mzigo umeondoka, kwa hiyo lazima kuna swichi kwenye mkono wa klachi au waya unaosoma mizunguko ya injini kutoka kwenye koili inayowasha plagi, ikiona mizunguko imeruka ghafla inaachia. Nyingine zina vyote viwili, funga vyote viwili. Waya wa koili fuata karatasi ya kruzi yako neno kwa neno, maana kuna inayotaka upande wa umeme mdogo wa koili na kuna inayozungushiwa kwenye waya wa plagi, ukichanganya kompyuta inasoma vurugu.

Sasa kebo. Miaka ya mwanzo ya kazi hii mi mwenyewe nilifunga kruzi ya pikipiki yangu, nikapitisha kebo mpya chini ya tangi, ikakaa vizuri, nikarudisha kila kitu nikawasha, injini inaunguruma taratibu. Nikageuza usukani kulia, sawa. Nikageuza kushoto mpaka mwisho, resi ikapanda yenyewe. Pikipiki imesimama, gia haipo, hakuna kilichoharibika, lakini nilisimama pale nikiwaza ingekuwaje kama ningeligundua hilo nakata kona ya barabara nyembamba. Kebo ilikuwa imekazika kwenye pembe ya fremu, ukigeuza usukani inavutwa. Nilitoa tangi tena. Tangu siku hiyo hakuna pikipiki inayotoka kwetu kabla hatujageuza usukani pande zote mpaka mwisho injini ikiwa inawaka, na nakuomba na we fanya hivyo kabla ya tangi na tena baada ya tangi, kwa sababu tangi lenyewe linaweza kuikalia kebo.

Alafu sikiliza. Zima injini, zungusha resi mpaka mwisho, achia. Inatakiwa irudi yenyewe na utasikia mlio mfupi mkavu wa chuma kugonga chuma. Ikirudi polepole kama inayosinzia, kuna mahali kebo imepindwa sana au springi inashindana na kitu. Mkono wa resi uwe na uhuru kidogo kabla haujaanza kuvuta, milimita 2 hadi 3 kwa pikipiki nyingi, kitabu cha pikipiki yako kitakuambia. Na kebo isipite karibu na ekzosi.

Sumaku za spidi, zile ambazo sensa ya kruzi inazisoma tairi likizunguka, mara nyingi zinagundishwa kwenye bolti za diski ya nyuma, safisha grisi yote kwanza, na ukishafunga sensa mwambie mtu akae nyuma pikipiki ikandamizike uone waya hauguswi na tairi wala cheni. Viungio vya umeme vilehemiwe au vibanwe kwa koleo yake na kufunikwa, kusokota waya na kuzungushia tepu hapana, mtikisiko wa pikipiki utaufungua. Fyuzi ikae karibu na chanzo cha umeme, na umeme wenyewe utoke kwenye laini inayokufa ukizima switi.

Kujaribu usijaribie kwenye stendi tairi ikiwa hewani, halina mzigo na kompyuta itahangaika tu. Tafuta barabara iliyonyooka, kavu, isiyo na watu. Nyingi hazikubali kuseti chini ya kilomita 40 au 50 kwa saa kwa hiyo usishtuke ukibonyeza chini ya hapo ikakaa kimya. Ikiseti, usifurahie kwanza. Guza breki ya mbele iachie. Seti tena, breki ya mguu. Tena, klachi. Tena, kitufe cha kuzima. Rudia mara kadhaa kila moja mpaka usiwe na wasiwasi hata kidogo, ndo uanze kuangalia kama spidi inatulia. Ikishuka kidogo kila unaposeti ndo ishike, kebo ya mota imelegea sana, ikaze kidogo kidogo. Na barabara ikiwa na maji, kokoto au foleni, izime.

Ukitaka tukusaidie kabla hujanunua, tutumie modeli na mwaka wa pikipiki, kama resi ni ya kebo au ya sensa, kama umebadilisha balbu yoyote kuwa LED, na picha ya chini ya tangi. Na kama ulishafunga na jaribio la breki limegoma hata mara moja, chomoa soketi ya kompyuta ya kruzi pamoja na kebo yake kwenye kile kiboksi, hakikisha resi inarudi kama zamani, endesha kawaida, alafu tuongee.