Pingu, machela na tawi la kuzimia moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Nimelisoma gazeti hili tangu enzi zile tulipochanga watu wanne kununua nakala moja pale Marangu Mtoni, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Makala yenu kuhusu kiangazi na moto wa Mlima Kilimanjaro unaikumbuka, sitairudia yote. Mwandishi wenu alirejea moto wa Oktoba 2020, akahesabu siku ulizowaka, kisha akahitimisha kwamba askari wa hifadhi walizidiwa kwa sababu hawakuwa makini. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoninyima usingizi. Hawakuwa makini! Moto ule ulianza Jumapili mchana, tarehe 11, eneo la Whona, pale wageni wanapopumzika kula wakiwa kati ya vituo vya kulala vya Mandara na Horombo. Anayepajua hapo anajua ni vichaka vya erika, majani madogo yenye mafuta, yakishika moto yanalia kama kitunguu kwenye kikaango. Upepo ulikuwa wa kiangazi, hauna upande mmoja. Tena udongo wa juu kule ni mboji tupu, kwa hiyo moto ukiupiga huku unatambaa chini kwa chini kwenye mizizi, kesho yake unafukuka nyuma ya mgongo wako. Uoto ulioungua ulizidi kilomita za mraba 90. Nilikuwemo kati ya mamia ya watu waliopanda kusaidia, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka walikuwepo, tukipiga miali kwa matawi mabichi. Nilimwona askari kijana amekaa juu ya jiwe, soli ya buti moja imeyeyuka, anaifunga kwa kamba ya katani ili arudi kwenye moshi. Mwandishi wenu aliona nini?

Kosa la makala ile ni kudhani kwamba askari wa hifadhi ana kazi moja. Watu wa mjini wanamjua kwa bunduki na magwanda ya kijani, basi. Hawajui kwamba yule anayelala msituni kuwavizia wakata magogo ndiye anayeitwa mgeni akizimia, na ndiye anayeitwa moto ukiwaka.

Mimi nilikuwa mgumu. Ndivyo tunavyojiita wapagazi wa mlima huu, na miaka ishirini na mbili nilibeba mizigo ya watu mpaka magoti yaliponikatalia. Februari 2009 nilipanda na mzigo wa jikoni hadi Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele. Usiku ule kifua kikajaa maji. Wanaoujua mlima wanaijua ile sauti, ukivuta pumzi ndani kunachemka kama chungu cha maharage. Nilikohoa povu jekundu. Kiongozi wa msafara akaja na tochi, akanimulika, akasema wageni wanaondoka saa sita kwenda kileleni, nivumilie kukuche. Kampuni iliyoniajiri siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Oksijeni ilikuwepo, lakini niliambiwa ni ya wageni, na wageni wote walikuwa wazima. Mpishi wetu ndiye aliyekimbia gizani kumwamsha askari wa zamu. Askari yule asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa ameshamteremsha Mjerumani mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu, na wiki moja kabla alikuwa upande wa Rombo akiwinda misumeno. Alikuja. Hakuniuliza kampuni gani wala nani atalipa. Akanilaza kwenye ile machela ya chuma yenye gurudumu moja, akanifunga mikanda, akanivika koti lake, akashika mbele na wenzake watatu wakashika nyuma, tukaanza kushuka kwenye lile jangwa kati ya Kibo na kilele cha Mawenzi. Ni kilomita zipatazo tisa hadi Horombo, na kila jiwe nililisikia mgongoni. Aliniuliza majina ya watoto wangu. Ninao watano. Nikimaliza anasema hakusikia, nianze upya, na nikinyamaza ananipiga kofi la shavu. Tulipopita pale kwenye maji ya mwisho alisimama akanilowesha midomo. Horombo kifua kikafunguka, nikalia kama mtoto. Yeye akanywa chai kikombe kimoja, akalichukua koti lake na kupanda tena Kibo, maana zamu yake ilikuwa haijaisha. Nilipopona nilipeleka mkungu wa ndizi getini, nikaambiwa amehamishiwa hifadhi nyingine. Mpaka leo sijaonana naye.

Kampuni ilinikata malipo ya siku mbili kwa kuwa sikumaliza safari.

Na kwa kuwa nimelifikia hilo, niseme na la mizigo, maana halijatenganishwa na moto hata kidogo. Utaratibu ni kilo 20 kwa mgumu, na mzani upo getini. Nimepimwa kwenye mzani huo mara nyingi sana, ishirini kamili. Ukishaingia msituni mita mia tatu unakuta wenzako wawili wameambiwa warudi nyumbani na mizigo yao inagawanywa kwenu, ishirini inakuwa thelathini, na ukifungua mdomo kesho hupati safari. Mtu aliyebeba thelathini anafika kituo cha chakula mikono inatetemeka, na hapo anatakiwa awashe jiko haraka kwenye upepo kwa sababu mgeni ana njaa. Taarifa za mamlaka za mwaka 2020 zilisema moto wa Whona ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Iliniuma, ni wenzangu hao. Lakini sikushangaa, na nilitegemea mwandishi mmoja angalau aulize ule mzigo ulikuwa na kilo ngapi. Hakuna aliyeuliza. Waliandika "uzembe wa wapagazi", na sasa mnaandika uzembe wa askari. Wenye makampuni, waliowarudisha nyumbani wale wagumu wawili ili wabakize hela, hawajaandikwa popote.

Nirudi kwa askari. Sisi wa vijiji vya chini ya msitu tulikuwa na Nusu Maili, ule ukanda uliotengwa tangu 1941 ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na miti ya kujengea. Mwaka 2005 msitu wote uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na ukanda wetu ukaenda nao. Tangu hapo mama akionekana na panga mahali ambapo bibi yake aliokota kuni, askari hana ujanja, sheria inamtaka amzuie. Simlaumu. Lakini fikiria, Mhariri: Jumanne amemnyang'anya mama huyo panga, Jumapili moshi unapanda, na yeye huyo huyo anashuka kijijini kupiga hodi na kuomba watu waje na mapanga wakate matawi. Ataitikiwa na nusu ya kijiji. Nusu nyingine itakaa barazani ikitazama, na hiyo nusu ndiyo inayozijua njia za zamani. Huwezi kumpa mtu mmoja pingu, machela na tawi la kuzimia moto ukategemea apokelewe kwa uso mmoja kila anapobisha.

Anayedhani hili ni suala la vichaka vya mbali, aje kiangazi atazame mifongo yetu, ile mifereji ya kumwagilia mashamba. Kila mwandishi anayekuja hapa anauliza habari za barafu. Maji yetu mengi hayatoki kwenye barafu. Ukungu unapanda, unanaswa na ile miti ya juu yenye ndevu, unadondoka tone kwa tone hadi kwenye chemchemi. Erika ikiungua ukungu unapita bila kunaswa, na miaka ya nyuma msitu wa juu umekuwa ukishuka kila moto unapowaka. Mfongo wa ukoo wetu, uliochimbwa na babu wa babu yangu, sasa unatoa maji usiku tu, na tunagombania zamu kama watu wasiojuana. Mto Pangani unaanzia huku, na mabwawa yanayofua umeme huko chini yanakunywa maji haya haya.

Agosti 2022 intaneti ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu. Nilifurahi, mwanangu alinipigia simu ya picha nikaiona Mawenzi nikiwa kitandani. Oktoba ya mwaka huo huo moto ukawaka karibu na kambi ya Karanga, karibu mita 4,000, na waliokwenda kuuzima walikwenda kwa miguu yao. Kama nyaya zilifika, mabomba ya maji yanaweza kufika.

Ninachopendekeza ni hiki. Kiundwe kikosi cha moto cha watu 40 kuanzia Julai hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, wawe wagumu na wapishi waliostaafu na vijana wa vijiji vya Nusu Maili. Wasishike bunduki wala pingu. Wasiwe na mamlaka ya kumkamata mtu yeyote. Wapewe mabomba ya mgongoni, yale yale tunayopulizia kahawa, maana kila mtu huku anajua kuyatengeneza yakiharibika, na buti za ngozi zenye soli isiyoyeyuka. Kumi wakae Whona muda wote. Kila mgeni kutoka nje analipa dola 20 za uokoaji akipanda, ipo kwenye risiti. Itengwe dola moja tu kwa kila mgeni iwalipe hawa posho ya siku. Askari abaki na wakata magogo na wagonjwa, hiyo nayo ni kazi ya watu wawili. Na pale Whona litundikwe ringi la gari, kama kengele ya shule, ili wa kwanza kuona moshi aligonge. Simu kwenye ukungu inakatika, ringi halikatiki, na kikosi cha Mandara kinaweza kuanza kupanda kabla ya kuulizana nani ana salio.

Ringi ninalo, la Land Rover ya marehemu kaka yangu. Liko nyuma ya banda la ng'ombe, nimeshalisugua kutu. Nalibeba mwenyewe hadi getini siku nitakayoambiwa, na kutoka hapo nina wajukuu wawili wenye mabega.

Mgumu mstaafu,
Marangu, Moshi Vijijini