Vita vya Kagera vifundishwe kwa ramani na kwa watu, si kwa ngonjera pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna tunavyowafundisha watoto wetu Vita vya Kagera. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbagala, nafundisha darasa la sita. Kila inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, shule nyingi huandaa ngonjera ileile. Watoto wanapanga mstari, mmoja anashika kifimbo na kuwa Mwalimu Nyerere, na wenzake wanaitikia: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo! Wazazi wanapiga makofi, watoto wanarudi darasani, na somo la vita linakuwa limeishia hapo mpaka mwaka ujao.

Sina ugomvi na hotuba ile. Ilitolewa hapa hapa jijini, mbele ya wazee wa Dar es Salaam, Novemba 2, 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na yeye mwenyewe kutangaza kwamba ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni sehemu ya Uganda. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, na nakumbuka watu wazima wa mtaani kwetu walivyojazana kwa jirani mwenye redio. Maneno yale yalistahili kusemwa na yanastahili kukumbukwa. Ila hotuba ilikuwa ya siku moja, na vita vilikwenda mpaka Juni 1979, vikapita juu ya vichwa vya watu ambao ngonjera haiwataji kabisa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mwaka jana, darasa langu hili likiwa bado la tano, kulikuwa na msichana ambaye mama yake ni fundi cherehani kutoka Masaka, Uganda, aliyeolewa hapa Mbagala. Siku mbili baada ya ngonjera wenzake walimzingira wakati wa mapumziko wakawa wanamwita mjukuu wa Amin, wanamwambia arudi kwao akamwambie babu yake kwamba tutampiga tena. Aliingia darasani analia. Na hawa si watoto wabaya, Mhariri. Ni hao hao ambao Yanga ikicheza walikuwa wanapasuka koo kumshangilia Khalid Aucho, na Aucho ni Mganda. Hawakuona mgongano wowote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia nani hasa alipigana na nani. Tuliwapa vita visivyo na watu, wakatafuta adui wa kumweka mle ndani, na aliyekuwa karibu ni mwenzao wa dawati la tatu.

Basi mwaka huu ngonjera nimeiweka kando kwanza, nimeanza na ramani.

Nilichora ubaoni mstari ulionyooka kutoka Ziwa Victoria kwenda magharibi. Huo ndio mpaka wetu na Uganda, nyuzi moja kusini ya ikweta. Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu yake mwaka 1890, wakiwa Ulaya, bila kumwuliza mtu yeyote wa Missenyi, upande wetu, wala wa Buddu, upande wa Uganda. Halafu nikachora Mto Kagera. Mto haunyooki. Unapanda kutoka kusini ukiwa mpaka wetu na Rwanda, unakata kona kuelekea mashariki, unaingia Tanzania, unapita Kyaka, kisha unapinda tena kaskazini na kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda. Watoto wakaona wenyewe kwamba kuna kipande cha ardhi kilichobaki katikati, juu ya mto na chini ya mstari. Nikawauliza: hiki ni cha nani? Nusu ya darasa wakasema cha Uganda, kwa sababu mto ndio unaotenganisha. Nusu wakasema chetu, kwa sababu mstari ni mstari. Walibishana mpaka kengele ikalia, na mimi sikuwakatiza.

Kesho yake niliwaambia kwamba Amin naye alidai mpaka ungefaa kuwa mtoni. Nikawaeleza pia kwamba mwaka 1964, kule Cairo, viongozi wa Afrika huru walikubaliana mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe jinsi ilivyo, hata ile iliyochorwa hovyo, kwa kuwa kila nchi ikianza kurekebisha wake kwa bunduki bara zima lingewaka moto. Mtoto wa miaka kumi na miwili analielewa hilo vizuri sana. Akishalielewa, neno "sababu tunayo" linakuwa na kitu ndani yake.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, na najua wenzangu wengine huiruka. Ni habari ya miaka saba kabla ya vita. Amin alimpindua Rais Milton Obote Januari 1971. Obote akapewa hifadhi Tanzania, akaishi hapa Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akakataa katakata kumtambua Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka kwetu kwenda kumwondoa Amin, wakashindwa, na ndege za Amin zikaja kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwalimu mwenzangu aliniambia haya hayafai kwa watoto, yatawachanganya, wataona kama na sisi tulichokoza. Mimi naona ni kinyume. Mtoto huyu kesho kutwa atashika simu ya kaka yake na kuyakuta yote, yamesimuliwa na mtu asiyeitakia mema nchi yetu. Ni heri ayasikie kwangu, pamoja na sehemu yake nyingine: kwamba Amin alikuwa akiua watu wake mwenyewe kwa maelfu, kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwaka 1977, kwamba Waganda waliokimbia walijaa katika miji yetu. Nchi inaweza kuwa na historia yenye makunyanzi na bado ikawa upande wa haki siku ilipovamiwa.

Hapo ndipo yule msichana wa Masaka alipopata nafasi yake darasani. Maana vita vile hatukupigana na Waganda wote. Waganda walikuwa pamoja nasi. Kina Tito Okello, David Oyite-Ojok na Yoweri Museveni, ambaye alisoma hapa Chuo Kikuu, Mlimani, walikuwa na wapiganaji wao upande wetu. Machi 1979 makundi yao yalikutana Moshi kupanga serikali ya baada ya Amin. Kampala ilipochukuliwa Aprili 11, watu walitoka barabarani wakishangilia. Niliwauliza wanafunzi: wangeshangilia kama tungekuwa tumekwenda kuwapiga wao? Kimya. Kisha mmoja wa wale waliomzingira mwenzao akanyoosha mkono akauliza kama babu yake huyo msichana naye alikuwepo. Msichana akajibu kwamba babu yake alikuwa Masaka, na kwamba mizinga yetu ilipoanza kulia familia nzima ilikimbilia migombani ikalala huko.

Hilo nalo ni kweli, na hatuna budi kulisema. Masaka uliharibiwa vibaya sana. Mutukula, mji wa kwanza ng'ambo ya mpaka, ulibomolewa kwa tingatinga mwezi Januari, na raia waliobaki, wakiwemo wazee walioshindwa kukimbia, waliuawa na askari waliokuwa na hasira ya mambo waliyoyakuta Kagera. Mwalimu Nyerere aliposikia aliudhika mno, akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Kwa darasa la sita sisemi zaidi ya hayo, wala siwaonyeshi picha za maiti, kama wafanyavyo watu wanaotengeneza video za kutisha. Ila agizo lile la Mwalimu nawafundisha, kwa sababu linaonyesha kiongozi anayeweza kuamuru vita na bado akajua mpaka wake uko wapi.

Na wa kwetu? Wanajeshi wa Tanzania wanaohesabiwa kufa katika vita ni 373, na wengi wao si kwa risasi, ni kwa ajali na magonjwa. Wengi wamelala katika makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba. Raia wa Kagera waliouawa wakati wa uvamizi wanakadiriwa kufika 1,500. Yaani kwa kila askari mmoja kuna wakulima wanne, akina mama waliokuwa wanapika, wazee, watoto wa umri wa wanafunzi wangu. Watu waliporwa ng'ombe na mabati ya nyumba, kiwanda cha sukari kikakombwa, daraja la Kyaka likalipuliwa, na maelfu wakatembea kwa miguu kuelekea kusini na mizigo kichwani. Katika ngonjera zote nilizosikia hapa Dar sijawahi kusikia beti moja inayomtaja mama wa Missenyi. Inaniuma. Wao ndio waliovilipia vita hivi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja aliyekwenda vitani akiwa mgambo. Nilimwomba aje kuzungumza na darasa. Nilitegemea atasimulia ushujaa, na watoto walikaa tayari kushangilia. Yeye akaanza na miguu. Alisema walitembea. Kutoka mpakani kwenda ndani ya Uganda sehemu kubwa ya jeshi lilikwenda kwa miguu, mvua za masika juu, buti zimelowa, silaha begani. Akafika Lukaya, mwezi Machi, pale barabara inapopita katikati ya kinamasi, ambako Walibya walikuwa wamekuja kumsaidia Amin. Roketi zilipoanza kushuka, akasema, tulikimbia. Mtoto mmoja akadhani amesikia vibaya, akauliza, "Babu, mlikimbia?" Mzee akasema ndiyo, wengi wetu tulikimbia, tulikuwa mgambo, hatukuwahi kusikia kishindo kama kile. Usiku tukakusanywa. Asubuhi tukarudi pale pale, na brigedi nyingine ikazunguka ikawapiga kutoka ubavuni, na siku hiyo wakashindwa.

Nimefundisha miaka mingi na sijaona darasa likisikiliza namna ile. Hakuna aliyecheka. Baadaye waliandika insha, na karibu wote waliandika juu ya usiku ule kati ya kukimbia na kurudi: mzee alilala wapi, alikula nini, aliwaza nini. Ngonjera haiwezi kumpa mtoto kitu hicho. Anayeweza ni mtu aliyekuwepo.

Na watu hao wanaisha. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, alifariki Oktoba 2024 akiwa ameshapita miaka 100. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Wapo Mbagala, wapo Temeke, Gongo la Mboto, Kimara. Wanauza duka, wanaswalisha, wanakaa barazani, na wajukuu zao hawajui.

Vilevile wapo akina bibi wasiokwenda popote lakini waliishi miaka iliyofuata. Niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: muulize bibi au babu, mwaka 1981 mlifulia nguo nini? Walirudi na habari za foleni za sukari, mtu anaweka jiwe kushika nafasi yake, na za Mwalimu kuwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, ambayo haikuisha kwa miezi 18. Msichana mmoja alileta majani ya mpapai, akatuonyesha yanavyotoa povu. Niliwaeleza kwamba si vita peke yake. Mafuta yalipanda bei duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Lakini gharama za vita zilikuwamo, na walizishika mkononi.

Sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Naomba wanaoandika vitabu vyake waviweke Vita vya Kagera kwa kurasa za kutosha, na ramani yenye mto na mstari, na sauti za watu wa Kyaka, Bunazi na Mutukula, pande zote mbili za mpaka. Watoto hawa wanakua katika Jumuiya iliyofufuliwa, ambako lori la Mganda linapita Mutukula likiwa na karatasi tu, na bomba la mafuta linatoka Hoima mpaka Tanga. Watafanya kazi na Waganda, wataoana nao.

Na kwako, Mhariri, nina ombi moja. Mwezi Julai tengeni ukurasa mmoja kwa ajili ya watoto, kila wiki. Wiki moja mzee wa jeshi, wiki nyingine mama wa Missenyi, nyingine mwalimu wa Masaka, ili wajibu maswali ya wanafunzi kwa Kiswahili chepesi. Maswali ya kuanzia ninayo, yamo katika daftari za darasa langu. Walionyang'anywa ng'ombe walilipwa? Askari wa Amin waliotekwa walipelekwa wapi? Je, watoto wa Missenyi walifanya mtihani mwaka ule? Na hili la yule aliyekuwa wa kwanza kumzingira mwenzake: watoto wa Amin walikuwa wangapi shuleni, na wenzao waliwafanyaje baada ya baba yao kuondoka? Nikipata jibu kutoka kwenu nitayaleta ofisini mwenyewe.

Mwalimu wa darasa la sita,
Mbagala, Dar es Salaam